Mkojo wa Omwenga

Jumatano

Eti nipime mkojo wa Omwenga! Tangu atuhame akachezee Nyaramba, mashabiki wetu wa Magwagwa wanaapa anatumia dawa za kuongeza nguvu. Alipokuwa akitufungia sisi mabao, nguvu zilitoka kwa ndizi za mamake.

Leo wamevamia zahanati yangu na chupa ya soda, mume wangu, mwenyekiti wa timu, akiwa mbele.

"Daktari, mkojo wake huu hapa. Usituulize tumeupataje."

Daktari! Nyumbani mimi ni Mama Kemunto.

"Hapa tunapima mimba na sukari tu."

"Basi pima hata hiyo mimba."

Walipoondoka, Mogaka, mshambuliaji wetu mpya, alibaki nyuma akafunga mlango.

"Daktari, hizo dawa hukaa mwilini siku ngapi?"

Mume wangu amelala akitabasamu. Jumapili tunacheza na Nyaramba, na sijui nitamwambiaje...