Shinikizo Nililolitoa Mara Mbili

Abudo, kolega wangu, mwenzangu wa kazi,

Nyota yako haikuporomoka. Niliiporomosha mimi, nikakaa kimya miaka yote hii. Nakuandikia sasa kwa sababu pumzi inanikatika hata nikienda uani kutawadha, na sitaki kukutana nawe huko ulikotangulia jambo hili likiwa bado kifuani.

Tuliporudi kutoka masomoni Ulaya tulipewa kufundisha fizikia shuleni Palma, watu wawili na ubao mmoja uliopasuka. Kila jioni uliandika modeli yako: nyota iliyokwisha kuwaka, ikajikunja mpaka ikabaki na upana wa mji, na katikati yake chembe za nyutroni zinabanwa hadi zinavunjika, kwarki zilizokuwa ndani zinatembea huru. Ulishikilia kwamba kiini cha namna hiyo kinaweza kubeba nyota yenye uzito wa majua mawili. Mimi nilikuwa mkaguzi wako. Ulinikabidhi kurasa zote ukasema, "Soma kama adui, Saidi, usisome kama ndugu."

Nilisoma kama adui. Nikakurudishia baada ya wiki mbili: uzito huo haubebeki, nyota inajiangukia. Ukakubali bila kuhakiki, kwa kuwa ni mimi niliyesema. Hilo linaniudhi hadi leo. Kwa nini hukubisha? Wewe, uliyebishana na muuza pweza juu ya idadi ya mikono ya pweza! Hukupeleka kitu kwenye jarida lolote. Mkeo Mwanaisha akafungia samaki wa kukaanga kwenye kurasa zile, nawe ukacheka: "Angalau leo zimebeba kitu."

Mwaka uliofuata nilifungua daftari langu kutafuta zoezi la wanafunzi, nikaona. Katika modeli ile, utupu wenyewe unazikandamiza kwarki, na shinikizo lake hutolewa mara moja kwenye shinikizo la kwarki. Mara moja tu. Mimi nililitoa ukurasa wa tatu, nikalitoa tena ukurasa wa tisa, ndiyo maana kiini chako kikaonekana dhaifu. Kosa ambalo ningemchapia mwanafunzi sifuri!

Nikapanda baiskeli siku hiyohiyo hadi kwako Quionga. Nikakukuta barazani na wageni. Ukanishika mkono ukawaambia, "Huyu ndiye aliyenisitiri, nisiaibike mbele ya wataalamu wa dunia." Nikaletewa kahawa. Nikainywa. Nikarudi Palma.

Siku ya maziko yako, kabla ya kukuswalia, sheikh aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, au amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Hakuna anayeuliza nani alimdhulumu marehemu. Nilikuwa safu ya kwanza, nikaitikia pamoja na wasio na hatia.

Tangu uondoke tumekimbia vita na tumerudi. Daftari liliungua pamoja na nyumba. Kila nikianza hesabu upya, napotea katikati, najikuta sijui kama nimeshatoa au bado. Na siku hizi zimepimwa nyota zenye uzito uleule uliousema. Kama ndani yake mna kwarki, wataalamu bado wanabishana. Wanabishana bila wewe, Abudo! Hata kama ungeshindwa, mahali pako palikuwa pale, na mimi ndiye niliyekuzuia mlangoni.

Juzi nilikwenda kwa Mwanaisha kuomba radhi, maana sina mwingine wa kumwomba. Nikamwambia nilikosea hesabu ya mumewe. Akaangua kicheko. "Shemeji, hesabu tu? Nami roho imeniruka, nikadhani umekuja kunifichulia mke mwenzangu wa Mtwara! Nimekusamehe. Kula muhogo."

Nilikula muhogo huku nimekasirika. Msamaha gani huo, wa mtu asiyejua anachosamehe? Na kosa si lake. Mimi nilichagua neno jepesi makusudi, nikitumaini litapita.

Lala salama, kolega wangu. Mola akupanulie kaburi lako. Ijumaa, nikijaliwa pumzi, nitarudi kwake. Nitakaa hapo mpaka aelewe ulikuwa umefika wapi, na ni nani aliyekurudisha, na kwamba mtu huyo alijua kosa lake akanyamaza. Nakuahidi sitamwomba tena radhi mpaka nimwone amekasirika.

Saidi