Masanga juu ya mashini ya papa

Vendredi, magaribi.

Sitaki hata kumuangalia usoni. Tonton, mudogo ya papa, alifika jana na pirogi, kwa maji, kutoka Yanonge. Leo, nilipokuwa sokoni, akamwaga masanga, ile pombe tamu ya muti ya mawese, juu ya mashini yangu ya kuandika, ile marehemu papa aliniachia. Haikumuponyoka. Alimwaga kwa kupenda.

"Chombo ya kazi, tunapatia bankambo, wazee wetu waliokufa, kwanza," aliniambia, amekalia kiti yangu. "Radio yenyewe inasema turudilie desturi yetu. Mwanangu, ulikuwa unaandika na mashini kavu."

Kavu. Bon, sasa imelowana. Niliigeuza chini juu, nikapangusa na pétrole, nikasugua na brosse yangu ya meno. Ile sukari imeganda. Herufi zinashuka, hazipande tena. Mémoire ya mwanafunzi, ile kitabu ya kumaliza masomo yenye ananilipa nimuandikie, imebakia nusu, na lundi, siku tatu tu, inapaswa kuwa mbele ya maprofesa. Nitamwambia nini?

Ningepiga kelele. Lakini mutu anapigiaje kelele ndugu ya papa yake, tena ndani ya nyumba papa aliyomuachia?

Njo nikauliza tu alimwagia nani.

"Papa yako," akasema pole pole. "Nilimuita kwa jina, nikamwambia akunywe."

Papa. Papa yangu hakukunywaka hata tone. Huyu Tonton mwenyewe, papa alimufukuzaka hapa sababu ya masanga, na chupa mukononi.

Alingojea mpaka papa hawezi tena kukataa.