Swali la Neema

Kilibula, Jumapili jioni

Tena kwaya imekula saa yangu ya mafundisho ya ubatizo. Monitere, kijana mwenye haraka anayeongoza kwaya, alinishika bega mimi mzee: "Tate, fupisha kidogo, watoto iko na repetisyo ya nyimbo." Somo lilikuwa ufufuo. Niufupishe vipi?

Watoto walitoka wakisukumana. Neema peke yake, mmoja wa wanafunzi wangu, alibaki, akaningoja nimalize kukohoa.

"Tate, weye unaogopa kufa?"

"Hapana," nikajibu, kama darasani.

Naye, jinsi nilivyowazoesha, akamalizia kwa sauti ya kukariri: "Kwa sababu Yesu alifufuka." Kisha akakimbilia kwaya.

Nimekasirika jioni nzima, na si kwa monitere tena. Mtoto aliniuliza mimi, nikamjibu kwa katekisimu.

Ninaogopa, Neema. Ninaamini, na ninaogopa. Laiti ungeuliza mara ya pili.