Malalamiko ya Katibu Hung Kuhusu Mpira wa Tisa

CHAMA CHA POOL CHA MTAA WA STESHENI, CHIAYI
Kikao cha dharura, Jumapili 8 Machi 2015, ukumbi wa Mzee Tsai, saa 8:10 mchana

WALIOHUDHURIA
Tsai Wen-hsiung – Mwenyekiti
Lo Kuo-pin – Mweka Hazina
Yeh Su-chin – Mjumbe (amejiunga Oktoba tu)
Hung Chi-yao – Katibu (mwanachama miaka kumi na tisa)

ASIYEHUDHURIA
Fan Li-hua – udhuru, harusi ya binamu

KUMB. NA. 1/3/2015: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba kikao kiwe kifupi. Bi. Yeh alileta keki za nanasi. Wote walikula isipokuwa Katibu.

KUMB. NA. 2/3/2015: MALALAMIKO
Katibu alieleza kwamba fainali ya jana, ya kumpata mchezaji mmoja wa kwenda mashindano ya Taichung, haikuwa ya haki. Mara sita mpira wa tisa, ambao anayeutia ndiye hushinda mchezo, ulibaki mdomoni mwa shimo, na mara sita Bi. Yeh aliuokota na kumpa Katibu mchezo bila kupiga, kama wafanyavyo wastaarabu. Walipofika sita kwa sita, katika mchezo wa kuamua mpira ukabaki palepale, Bi. Yeh alikaa akanywa chai. Katibu alilazimika kupiga, akakosa. Bi. Yeh akainuka akautia.

Katibu: "Huo ni mtego wa akili!"

Bi. Yeh: "Kaka Hung, zile sita mbona hukulalamika?"

Bw. Lo alicheka mpaka akapaliwa. Katibu hakuona kichekesho.

Alipobanwa, Katibu alikiri kwamba roho inamuuma. "Mzee Tsai, meza ya dirishani ilikuwa yangu. Siku hizi unamwekea nani?"

Mwenyekiti aliinuka akauchukua mpira wa tisa.

KUMB. NA. 3/3/2015: JARIBIO
Mwenyekiti aliamua: "Uwekwe palepale. Ukiutia, fainali irudiwe." Bi. Yeh alitolewa nje asimsumbue mpigaji. Katibu alipaka fimbo chaki mara tatu, akakitazama kiti cha Bi. Yeh kilichokuwa kitupu, akapiga.

Mpira haukuingia.

KUMB. NA. 4/3/2015: MAAZIMIO
Bi. Yeh aliitwa ndani, akaambiwa ataenda Taichung.

Katibu aliomba jaribio lisiandikwe. Mwenyekiti na Bw. Lo walikataa. Bi. Yeh peke yake alimuunga mkono: "Jamani, mwacheni kaka wa watu."

Hapo Katibu aliondoa ombi lake.

Watu walitawanyika saa 9:05 alasiri.

Tsai Wen-hsiung, Mwenyekiti ..................
Hung Chi-yao, Katibu ..................