Trekta Lililonyamaza Kila Mgeni Alipofika

Ufukweni Nyasa,
wakati wa kulima

Mdogo wangu Kosmasi,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nikingoja uje uniamkie kwa mdomo wako nitakuwa nimeshazikwa. Tangu tuteremke huku ziwani kuanzisha kijiji, mvua zimekuja zikaondoka, zikaja tena, na wewe umekaa huko Mkumbi umeikumbatia mibuni kama vile itakukimbia. Mibuni haina miguu, Kosmasi. Wewe unayo. Magunia ya kahawa unayafikisha Kigonsera, lakini kwa dada yako hakufikiki? Huna haya.

Basi, nimegomba nusu, nusu nyingine nakuwekea. Hamjambo? Mgongo wako unakuacha ulale? Wifi yangu bado anakohoa? Sisi wazima. Goti langu moja linalalamika, lingine limevumilia, natembea kwa hilo lililovumilia. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, ni tele, tunaanika mpaka kunguru wamechoka kuiba. Na herufi hizi ni za mkono wangu, nimezipata kwenye kisomo cha watu wazima. Zikiwa zimelala ubavu, nawe lala uzisome.

Sasa nisikilize. Neno ulilomtuma mke wa katekista lilinifikia. Kwamba umesikia mwanao Donati, dereva wa trekta la kijiji, amekuwa mvivu, anaisingizia injini, na kwamba nimrudishe huko akapalilie kahawa kabla hajakuaibisha zaidi. Nilipolisikia nilikaa chini. Leo nimesimama, na moyo unaruka hata kalamu inanitoroka, kwa hiyo soma mpaka mwisho, usikimbilie kwenye salamu.

Trekta letu ni kuukuu. Lilitufikia likiwa limeshawalimia watu wengine, rangi imebanduka, kiti kimefungwa gunia. Lakini ndilo hilo tu tulilo nalo. Huku si kama kwetu milimani, ambako mtu anachimba ngoro zake, vile vishimo vya kulimia mteremkoni, kwa jembe, polepole, na mkewe nyuma. Huku shamba la ujamaa ni tambarare pana, na mvua ikikukuta hujalima, mwaka huo utakula maneno.

Basi likaanza kugonga. Asubuhi Donati akiliwasha, utasikia ta-ta-ta-ta, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiti, na akikanyaga mafuta nalo linaongeza mwendo. Mimi nakaa jirani na banda lake, nililisikia kwa masikio haya. Donati akakataa kulipeleka shambani. Akaniambia, "Shangazi, nisipojua kinachogonga nikalilazimisha, chuma kikivunjika humo ndani tutalima kwa meno." Nikamwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaagiza fundi kutoka Mbinga.

Fundi ni Salehe, mtu wa Tanga, mrefu, mpole, anapenda chai ya sukari nyingi. Alikuja na bwana mmoja wa kilimo. Gari lao haliwezi kuvuka mchanga wa kijito chetu, linaishia ng'ambo. Na wewe unatujua, mgeni hatumwachi atembee. Donati akafunga tela nyuma ya trekta, kina mama tukapanda, mimi naongoza nyimbo, tukaenda kuwachukua kwa vigelegele. Tukawazungusha kijiji kizima waone mashamba. Tulipofika ofisini hatukulizima, maana betri ni mbovu. Wageni wakala, wakanawa, ndipo fundi akainama kusikiliza. Kimya! Linanguruma vizuri, laini, kama paka aliyeshiba.

"Inagonga wapi, kijana?"

"Asubuhi iligonga, Fundi."

Watu wakacheka. Walipokuja mara ya pili, ikawa vilevile: tukawapokea kwa shangwe, trekta likanyamaza. Ndipo bwana kilimo akasimama mbele ya mkutano akasema dereva anayesingizia chombo cha wananchi ni kupe. Kupe! Mtoto niliyembeba mgongoni! Akasema atakuja mara ya mwisho, na lisipogonga, Donati atatoa ufunguo na trekta litapelekwa kijiji cha jirani. Maneno hayo ndiyo yaliyopanda mlima yakakufikia wewe.

Donati akaacha kula kwangu. Akaniambia, "Shangazi, hata mimi sasa nayashuku masikio yangu." Nikamwambia masikio ni ya babu yako, hayadanganyi, kula.

Wakaja tena. Nasi tena na tela, nyimbo, vumbi. Niliimba kwa hasira mpaka sauti ikapasuka. Fundi akainama: kimya. Bwana kilimo akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nikasimama. "Hatoi! Mimi nalisikia kila asubuhi!"

Bona, jirani yangu, yule anayejua kila kitu, naye akasimama. "Kweli asubuhi linagonga. Ila mchana mimi silisikii kabisa."

"Kaa chini, Bona! Unamzika mtoto!"

"Nasema ninachosikia, Bibi Agatha. Wewe unataka niseme unachopenda?"

Fundi akainua mkono. "Mwache mama aseme. Asubuhi, likiwashwa mara ya kwanza, yaani likiwa baridi?"

"Baridi kama pua ya mbwa," Bona akasema.

Fundi akamgeukia Donati. "Mara zote nilizokuja, mlinifuata na trekta hili hili?"

"Tungekufuata na nini, Fundi? Wewe mgeni."

Kosmasi, yule mtu alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani! Kila mara mnalipasha moto kwa heshima yangu, halafu mnaniita nitibu ugonjwa wa baridi! Lizimeni. Asiliguse mtu mpaka kesho. Na kesho, Bibi, naomba nisiimbiwe."

Asubuhi nikaja nimefunga mdomo kwa khanga. Kijiji kizima kimya, utadhani tuko msibani. Betri ikakataa, kwa hiyo tukalisukuma wote, bwana kilimo naye, viatu vyake vizuri vikizama mchangani. Likakohoa, likashika, na hapo hapo: ta-ta-ta-ta-ta! Nilipiga kigelegele kikavuka ziwa. Tulikumbatiana na Bona. Watu wazima tunashangilia ubovu!

Fundi akachukua mpini wa jembe, ncha moja akaiweka kwenye injini, nyingine sikioni, akawa anahama nao taratibu kama daktari na kifua cha mgonjwa. Kisha akampa Donati. "Sikiliza hapa. Haya, na hapa." Mwanao akaja mpaka pale ekzosi inapoungana na injini, akasema, "Ni hapa." Fundi akasogeza kiganja, akamwonyesha. Pumzi ya moto inachomoka kwa vishindo, na chuma cha pale kimeshika masizi. Injini yenyewe nzima! Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya chuma na chuma, imeungua na nati imelegea, moshi unapenya kabla haujaingia kwenye bomba. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajifunga, mlio unakufa. Ndiyo yote.

Akakata gasketi mpya kutoka karatasi ngumu aliyokuwa nayo mfukoni mwa begi, Donati akasugua kwa msasa, wakakaza. Lilipopoa kabisa tukalisukuma tena. Kimya, na bado baridi! Fundi akasema Donati kulizuia lisiende shambani ilikuwa sawa, kwani naye asingejua ni ufa tu bila kuusikia. Bwana kilimo akapangusa mchanga, akamrudishia Donati ufunguo kwa mikono miwili mbele ya watu wale wale. "Kijana, lile neno la kupe nalirudisha." Nikampa usipa wa kupeleka nyumbani. Hasira zangu si ndefu.

Sasa mawingu yamesimama upande wa Malawi, na Donati analima kutoka alfajiri. Ukiona udongo ulivyogeuka, mweusi, unanukia! Nusu ya shamba tayari, na atamaliza.

Msalimie wifi yangu, anywe asali kwa kile kifua. Msalimie mjomba wetu Kasiani mwashi, aliyetujengea nyumba ya baba. Msalimie mama mkwe wako asiyesikia, umpigie kelele jina langu. Na mke wa katekista, mwambie habari hizi azitembeze kwa mbio zile zile alizotembezea zile nyingine.

Donati ameniuliza baba amesema nini. Nimemwambia sijui. Kwa hiyo usinitumie neno la kumpelekea, sitalipeleka. Uje kabla mvua haijaanguka. Usipitie kwangu kwanza. Nenda moja kwa moja shambani, simama mwisho wa mtaro mpaka ageuze trekta akuone, kisha umwambie mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Agatha