Karatasi Uliyomwachia Bibi Minza

Mpendwa Baba Kabula, popote ulipo,

Nimekutumia ujumbe mpaka nimechoka. Simu inaonyesha umesoma, ila hujibu. Ndiyo maana leo nakuandikia hapa, wazi, kila mtu asome. Huenda yupo mmoja unayekaa naye huko machimboni, akakuonyesha. Jina lako sitaji. Wewe mwenyewe utajijua.

Watoto hawajambo. Kabula ameanza kuandika jina lake, ile K anaigeuza kila siku, nikimrekebisha ananiambia mwalimu ndiye anakosea. Mdogo wake, ambaye hujamwona, ana meno mawili ya chini na ananing'ata nikimnyonyesha. Nimempa jina la babu yangu, Masanja. Wewe hukupatikana kuulizwa.

Unakumbuka ile Jumapili tulipokwenda Luchelele? Nilikuwa na mimba ya Kabula, miguu imevimba, ukanitafutia jiwe la kukalia karibu na maji tukala sato kwa mikono. Mimi nikawa naangalia ziwa. Wewe ulikuwa umeligeuzia mgongo, macho yako yako kule juu kwenye nyumba za mlimani. "Unaiona ile ya mabati yaliyopauka? Mwenyewe hayupo. Na ile ya pembeni, mwaka wa pili sasa haina madirisha. Hela imemwishia." Nikakuuliza umejuaje. Ukasema, "Nauliza watu, Mama K. Mimi kazi yangu ni kuuliza tu." Nilikupenda sana siku ile, nakwambia ukweli. Nilidhani mtu anayejua kusoma nyumba za wengine namna ile hawezi kushindwa kuitunza ya kwake.

Nami ukanifundisha, bila kujua kama unanifundisha. Tulikuwa tukitoka Igoma kwa miguu kuelekea Kisesa, wewe umeshika mwavuli wangu, watu wanadhani tunapunga upepo. Kumbe tuko kazini. Ukiona msingi ulioota nyasi, ulikuwa unasimama. Tofali zilizopangwa mpaka zimeota ukungu, unasimama. Halafu unamtafuta jirani, na humuulizi kama kiwanja kinauzwa. "Ukiuliza kinauzwa, bei inapanda hapohapo," uliniambia. "Uliza, 'Hivi mwenye hapa siku hizi yuko wapi?' Halafu nyamaza. Jirani atakusimulia mwenyewe." Kweli walikuwa wanasimulia. Huyu kahamishiwa Tabora, yule kaachana na mkewe, mwingine watoto wanagombana tangu mzee afariki. Na penye ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu HAKIUZWI, ulikuwa unacheka kabisa. "Hapo ndipo penye biashara. Mtu hakatazi kitu ambacho hakuna anayetaka kukiuza."

Ukishampata mwenyewe mnaelewana bei yake, unatafuta mnunuzi wa bei ya juu zaidi, na kilicho katikati ndicho chakula chetu. Ninyi madalali mnakiita cha juu. Sharti lilikuwa moja, muuzaji na mnunuzi wasikae wakaongea peke yao. "Siku wakipeana namba," ulikuwa unasema, "mimi nabaki na vumbi la viatu." Nilicheka. Sikufikiria siku ile kwamba anayekatazwa kuongea na mwenzake anaweza kuwa bibi wa watu.

Ulipoondoka kwenda machimboni uliniachia ile simu ndogo ya kazi. "Pokea tu, waambie nimetoka kidogo, narudi." Nikawa napokea. Mchana niko gengeni napanga nyanya, simu inaita.

"Dalali yupo?"

"Ametoka kidogo."

"Dada, jana alitoka kidogo, juzi alitoka kidogo. Huyu ametoka au amehama?"

Nilikuwa nakutetea. Miezi miwili nilikutetea. Halafu asubuhi moja, mimba ya Masanja imeshakuwa nzito, akapiga fundi mmoja wa Kishiri, anasema kuna msingi pale umetelekezwa, wewe ulimwambia akiona kitu akushtue. Nikafungua mdomo niseme umetoka. Nikasikia nasema, "Nielekeze ulipo, nakuja mimi."

Nilikwenda na lile tumbo. Nikamkuta jirani anaanua nguo, nikamsalimia, nikauliza hivi mwenye hapa siku hizi yuko wapi. Nikanyamaza. Baba Kabula, yule mama aliongea mpaka nguo zikalowa tena kwa manyunyu. Mwenye msingi alikuwa nesi, amehamia mkoa mwingine na anajenga huko. Nikapata namba yake. Mnunuzi nilimpata palepale gengeni kwangu, mteja wangu wa vitunguu, muda mrefu alikuwa analalamikia nyumba ya kupanga. Biashara ikaisha, nikapata changu. Nilijifungua nikiwa na akiba yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilitamani kukupigia nikwambie. Nilipiga. Hukupokea.

Wenzako wa kijiweni hawakufurahi. Siku moja nimepita na Masanja mgongoni, mmoja akasema kwa sauti, "Shemeji, sasa hapo unauza kiwanja au unanyonyesha?"

"Vyote viwili," nikamjibu. "Wewe mbona hata kimoja hukiwezi?"

Wakamcheka yeye. Nikatembea kama mshindi mpaka nilipokata kona, ndipo nikakaa chini, maana mgongo ulikuwa unaniuma.

Halafu akapiga Bibi Minza.

Hakuuliza dalali yupo. Alisema, "Mwambie mumeo mvua imeanza." Akakata. Sikuelewa. Jina lake lilitokea kwenye simu, nikalitafuta kwenye mfuko wa makaratasi uliouacha chini ya kitanda, nikaiona karatasi yenye jina lake. Kesho yake nikaenda Kisesa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkewe? Na huyu naye ni wake? Mlete nimshike." Akamchukua Masanja, akampakata, akaniangalia vizuri. "Anarudi lini?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimekuja na uongo wangu tayari, lakini mtu aliyekushikia mtoto humdanganyi hivihivi.

Akanionyesha kiwanja. Ni kikubwa, kizuri, kiko karibu na barabara, nyasi zimefika kifuani. Mbele pale umepigiliwa ubao, HAKIUZWI, rangi nyekundu. Nikamuuliza Bibi ni ndugu gani kakataza. Akashangaa. "Ndugu gani? Ubao kauleta mumeo. Alisema ni wa kufukuza matapeli." Nikausogelea ule ubao na nikaujua mwandiko wako, ile H unayoichora kama ngazi.

Kumbe ndivyo mnavyofanya. Mnazuia madalali wengine kwa ubao, na mnamzuia mwenye mali kwa karatasi. Bibi aliweka dole gumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hatamuuzia mtu yeyote isipokuwa atakayeletwa na wewe. Ukampa advansi kidogo, ambayo alinunulia dawa ya magoti. Ukamwambia, "Usilime, Bibi, mnunuzi anakuja wiki hii, mazao yatatuchelewesha." Hajalima. Misimu miwili Bibi Minza ananunua mihogo dukani huku amekaa juu ya ardhi yake mwenyewe, kwa sababu alikuamini. Nimeisoma ile karatasi mara tatu nikitafuta inaisha lini. Haina tarehe ya mwisho. Sijui kama ulisahau.

Bibi anataka kuuza ahamie Magu kwa binti yake. Magoti hayamruhusu tena kuteka maji. Binti ameshamwandalia chumba. Basi nikasema hili nitalimaliza mimi. Nikazunguka na nikapata mume na mke, wote walimu, wanataka kujenga kabla hawajazeeka kwenye nyumba ya kupanga. Na nikafanya ulichonikataza. Niliwakalisha wote kwenye mkeka mmoja kwa Bibi, nikamwambia Bibi ataje bei yake mwenyewe, na walimu waseme yao. Nilikuwa na hofu kama mwizi. Wakaelewana. Mwalimu akaniuliza, "Na wewe tukupe nini?" Nikataja changu mbele ya wote, Bibi akiwa anasikia. Hakuna aliyenuna. Tukanywa chai. Nilikuwa nimeishi miaka na wewe nikiamini kwamba watu wakionana sisi tunakufa njaa.

Tukaenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akavuta faili lake, akatoa nakala ya karatasi yako.

"Mama, huu mhuri niliugonga mimi. Siwezi kugonga mwingine juu yake. Kesho huyu bwana akija kudai, nitasema nini?"

"Hayupo, mwenyekiti. Hapokei hata simu."

"Basi aandike kwamba amejitoa, asaini, mimi nitaifuta hii. Au wewe una cheti cha ndoa? Tuone kama unaweza kumsemea."

Sina cheti. Unajua sina. Kila mwaka ulisema tufunge baada ya biashara moja kubwa. Bibi akanigeukia akasema, "Si wewe ndiye mkewe?" na mimi nikajifanya namfunga Masanja vizuri mgongoni, walimu wakiniangalia. Watu wakitaka kukulaani wananiita mkeo. Wadai wako wananifuata mimi gengeni. Lakini kwenye kiti cha ofisi ile, siku nilipohitaji kuwa mtu wako kwa dakika moja tu, nikawa si mtu.

Bibi Minza hakunilaumu. Tulirudi naye polepole, ameniegemea bega, Masanja mgongoni, na kila baada ya hatua chache anasimama kupumzika. Akaniambia, "Mimi amenifunga na karatasi. Wewe amekufunga na nini?" Nimelifikiria swali hilo nikifua, nikipika, nikipanga nyanya. Natoka asubuhi naambiwa mke wa dalali, narudi jioni naambiwa mke wa dalali. Akija mwanamume mwenye nia njema, anaambiwa huyu ana mwenyewe. Nikitaka kurudi kwetu, mama anasema nimsubiri baba wa watoto. Ni kama mimi nami niliweka dole mahali, sikumbuki lini.

Sikuandikii kwa chuki. Ningekuwa na chuki ningeandika jina lako. Nakukumbuka ulivyokuwa unanibebea ndoo nikiwa na mimba, wenzako wakikucheka, wewe unawaambia, "Cheka tu, wewe huna wa kumbebea." Yule mtu nilimjua. Yeye ndiye namuandikia sasa, siyo huyu anayesoma ujumbe na kunyamaza.

Walimu wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo watatafuta kwingine, na siwalaumu. Bibi ameshafunga vitu vyake kwenye mabegi mawili, anavifungua kila akitaka kikombe, halafu anavifunga tena.

Sasa nisikilize. Sikuiti urudi nyumbani, na sikuombi hela ya matumizi. Nataka kitu kimoja. Chukua karatasi yoyote, hata ya daftari la mtoto. Andika kwamba wewe, jina lako kamili, umejitoa kwenye makubaliano na Bibi Minza na huna dai lolote kwenye kiwanja chake. Saini mbele ya kiongozi wa mtaa wa huko uliko, agonge mhuri, uitume na basi. Nitaipokea mimi. Advansi uliyompa Bibi nitakurudishia kutoka kwenye changu, yote, ili usipate pa kushikia.

Na ukishaandika hiyo, geuza karatasi upande wa pili. Andika kwamba na mimi hunidai. Watoto utawaona siku yoyote ukija, sitawaficha na sitakusema vibaya kwao. Ila saini pande zote mbili. Mwenyekiti atahitaji upande mmoja. Ule mwingine nitauweka mimi.

Nakutakia afya njema huko chini ya ardhi mnakochimba.

Mimi niliyekupokelea simu,
Mama wa Kabula na Masanja
Igoma