Mama, Nimeingia Jikoni Kwako

Mama,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nilisimama kwenye tenti ya wakwe, mbali vile mkwe anatakiwa, nikasikia udongo ukishuka kaburini kwako. Hata siku hiyo sikukukaribia. Miaka tisa nimemuoa binti yako Ajiambo, na mkono wako sijawahi kuushika. Desturi yetu unaijua kuliko mimi: mkwe haketi na mama mkwe, hali chakula naye, na jikoni kwake haingii. Sasa hii ndiyo mara ya kwanza naongea na wewe bila mtu katikati. Ukiona nimekosa adabu, kumbuka shule niliachia darasa la saba.

Nyumba ya wageni bado imesimama hapo ufukweni, vyumba viwili na baraza, na ziwa liko mbele yake, hakuna aliyeliiba. Magugu ya maji yalikuja wiki moja yakaziba kila kitu, kisha upepo ukayarudisha Uganda. Niliwaambia wageni ni mimi nimepiga simu kule. Kile kibao nilichoandika kwa rangi ya bluu kiko mlangoni: MAMBO YA KUONA NA KUFANYA. Moja, kupanda kilima cha Samia na kuona nchi mbili bila pasipoti. Mbili, mawe ya ndege weupe. Tatu, kina mama wakianika dagaa wa omena. Nne, soko la Funyula. Tano, kupika na Mama.

Hiyo tano ndiyo imenileta hapa.

Wewe unajua mimi ni mtu wa maneno. Nimeendesha trela kutoka Mombasa mpaka Kigali, nimelala Juba, na pale mpakani Malaba nimekaa foleni siku nne nikiwafundisha madereva wa nchi tano kusonga ugali. Kiboko wa hapa ziwani nimewaambia wageni ananijua kwa jina. Mgeni akirudi kwao anasimulia mambo mawili, uongo wangu mimi Wandera na chakula cha Mama. Mimi nasimama uani nikiita, "Mama, wanne, mmoja hali samaki." Wewe unagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko mara moja, maana yake umesikia. Chakula kikiiva unakiweka kwenye ile benchi nje, unarudi ndani, ndipo nakuja kukichukua. Wageni wakishakula, changu nakipata hapo hapo kwenye benchi, peke yangu. Ugali wa muhogo na wimbi, samaki wa moshi ndani ya karanga. Nikimaliza tu, kabla sijafuta mdomo, mwiko unalia mara mbili: kuna ingine. Hukuwahi kukosea. Siku nikiacha chakula, mwiko unanyamaza. Nilimwambia Ajiambo, mama yako ana uganga. Akacheka tu.

Tangu uende, jiko limefungwa. Ajiambo yuko Malaba na biashara yake ya chakula, anakuja Jumapili, anapita mbele ya mlango huo akiangalia chini. Wageni nawaletea chapati kutoka senta, kule madukani. Wakiuliza, nasema Mama amesafiri Kampala kuona jamaa. Miezi mitatu umetembea Kampala, Mama. Mimi mwenye mdomo wa kuuza maji kando ya ziwa, neno moja la kweli lilinishinda.

Alhamisi iliyopita akaja yule mwalimu wa Eldoret, yule mrefu uliyemfundisha kusaga karanga kwa jiwe mwaka jana. Amekuja na mume wake, amekubebea kitenge. Nikampa Kampala yangu. Akasema, "Hakuna shida, bosi. Tuko na siku tano. Tutamngoja."

Kesho yake nikawapeleka kilimani. Mume anapiga picha za Uganda, mimi nasimulia wahunzi wa zamani waliofua majembe hapo, na hadithi ikakatika katikati. Mimi, Wandera, hadithi ikanikatikia. Tuliposhuka mwalimu akatazama jikoni. Nikasema tu, "Mama hatarudi, mwalimu. Tulimzika."

Alikunja kile kitenge, akakaa kwenye benchi yangu. Halafu akauliza, "Na hiyo namba tano utafuta?"

Nikachukua tambara na mafuta ya taa nifute. Mkono ukakataa. Nikampigia Ajiambo, nikamwambia ama nifute ama mtu afungue jiko. Akasema, "Ufunguo uko juu ya mlango. Fungua wewe."

Nikamwambia, mimi ni mkwe.

"Amekupikia miaka tisa, Wandera. Ingia ufagie."

Nilipiga hodi, Mama. Mtu mzima, nampigia hodi majivu. Ndani ni padogo kuliko nilivyodhani. Nikakaa kwenye kigoda chako ili macho yazoee giza, na hapo ndipo nikaona tundu kwenye ukuta wa udongo, dogo kama kifuniko cha soda, kingo zake zimelainika. Nikaweka jicho. Si ziwa, si uwanja. Ni benchi yangu, mahali pale sahani inakaa.

Na mimi nilikuwa nasema nakula peke yangu.

Mwalimu alinifundisha yale uliyomfundisha: karanga zikaangwe bila mafuta, samaki asiguswe na mwiko. Sufuria ya kwanza niliunguza. Ya pili ikalika. Jumapili Ajiambo alipokuja nikamwekea sahani kwenye benchi, nikarudi ndani, nikamwangalia. Alipomaliza nikagonga mara mbili. Aliinamisha kichwa, kisha akanyoosha sahani bila kugeuka.

Leo wageni wameenda na Ajiambo amerudi Malaba. Nimepika, nimekula kwenye benchi. Nilipomaliza nikangoja kidogo mwiko ulie. Ujinga tu.

Namba tano haijafutwa, Mama, na sitaifuta. Atakayekuja atapika na mimi, na nitamwambia ukweli ni mapishi ya nani. Ukuta nitaukandika kabla ya mvua, lakini tundu sitaliziba. Lala salama. Samaki alikuwa mtamu, miaka yote tisa. Sikuwahi kukwambia kwa sababu nilidhani hunioni.

Mkwe wako,
Wandera